Nilijaza Mwaka Tuliokutana Kwenye Marejeo ya Mume Wangu

Mama Kezia, salamu nyingi kutoka Kaloleni. Ukurasa wako nimeusoma tangu nikiwa msichana kule Mwingi, hata kwenye kipande cha gazeti kilichofungiwa mandazi nilikuwa nakitandaza na kukisoma, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja mimi ndiye nitakayekuandikia, tena nikiwa na furaha kiasi hiki na hofu kiasi hiki kwa pamoja. Naomba msaada wako, na ukichapisha tafadhali badilisha majina yetu.

Niliolewa miezi minne iliyopita. Acha kwanza nikueleze kuhusu mume wangu, kwa sababu usipomjua hutaelewa kwa nini nilifanya nilichofanya. Anaitwa Oketch. Ni karani wa stoo huko Viwandani, mrefu, mpole, mtu ambaye akikunywesha chai anasimama hapo mpaka umwambie kama sukari imetosha, na kila Jumamosi asubuhi anavaa shati lake la samawati na kwenda chuo kikuu kusoma shahada ya uzamili katika historia, na mimi niliyeishia kidato cha nne nasimama mlangoni nikimtazama akivuka ule uwanja ulio mbele ya ukumbi wa Kaloleni hadi apotee, halafu naingia ndani nikicheka peke yangu kama mtoto. Ananiita Nyar Mwingi, yaani binti wa Mwingi kwa lugha ya kwao, na Mama, akiniita hivyo mbele ya watu mimi husahau nilichokuwa nimetumwa dukani.

Tulikutana Machi 2022. Mimi ninafanya kazi katika duka la saiba hapa mtaani, tunajazia watu fomu za mtandaoni, tunapiga chapa, tunatoa nakala. Siku hiyo mvua ilikuwa kubwa na yeye akaingia amelowa mwili mzima isipokuwa flashi, ambayo alikuwa ameifunga kwa nailoni na kuiweka mfuko wa shati, akaniomba nimtolee barua ya kuomba nafasi chuoni, na mashine ikaimeza karatasi ikakwama. Nikaanza kuivuta. Akasema, "Dada, polepole, hiyo karatasi ni maisha yangu." Sasa hupenda kuwaambia watu kwamba siku hiyo alikuja na maisha yake mfukoni akarudi nyumbani ameyaacha kaunta.

Basi ile tasnifu anayoiandika inahusu familia za wafanyakazi wa reli zilizoishi katika nyumba za zamani za kando ya Jogoo Road, kwa sababu babu yake alifanya kazi reli na alikaa Makongeni hadi alipostaafu, na sehemu moja inaangalia jinsi watu waliokulia huko wanavyoandika kumbukumbu zao mtandaoni. Kwa hiyo marejeo yake mengi si vitabu, ni kurasa za mtandao: mtu ameweka picha ya jiko la mama yake na hadithi chini yake, kanisa limeweka historia yake, mwingine ameandika makala kwenye jarida. Chuoni walimwambia atumie programu ya kutunza marejeo. Ni kitu kizuri sana, Mama. Unafungua ukurasa kwenye kompyuta, unabonyeza kitufe kidogo kule juu, na programu yenyewe inavuta jina la mwandishi, kichwa na mwaka na kuvipanga kwenye orodha, na siku ya kuandika inakuwekea marejeo yote mwisho wa kazi bila wewe kuchapa hata herufi.

Yeye hana muda, anatoka kazini amechoka, na mimi ndiye ninayeshinda mbele ya kompyuta, kwa hiyo nilimwambia niachie hiyo kazi. Alifurahi mpaka akanishika mikono yote miwili. Alinipa orodha ya viungo, na kila mchana dukani watu wakipungua mimi nafungua kiungo, nabonyeza, nafungua kingine, nabonyeza, na moyoni nasema hivi ndivyo ndoa yetu itakavyokuwa, yeye anafikiri na mimi napanga.

Sasa kosa langu ni hili. Kurasa nyingine zinaingia bila mwaka. Jina lipo, kichwa kipo, mahali pa mwaka ni peupe. Na Mama, mtu wa saiba haachi nafasi wazi. Hiyo ndiyo kazi yetu. Fomu za mtandaoni ukiacha kisanduku kimoja kitupu zinakataa kwenda, zinakuwekea alama nyekundu na mteja amekusimamia hapo nyuma, kwa hiyo tumezoea kujaza chochote ili iende halafu unarudi kurekebisha. Mkono wangu umezoea hivyo. Nikiona peupe najaza. Na siku ya kwanza nilipokuta mwaka haupo, mwaka pekee uliokuwa kichwani mwangu ni 2022, nikauandika nikatabasamu, nikasema nitarudi. Wa pili nikauandika tena. Baadaye ukawa kama mchezo wangu wa siri, kila penye pengo naweka mwaka wetu, kama mtu anayechonga jina la mpenzi wake kwenye dawati. Sikurudi. Tulikuwa tunapanga arusi, unajua mambo ya arusi, nikasahau kabisa.

Jumapili moja baada ya kanisa nilikuwa nachambua mboga akaniita.

"Nyar Mwingi, hebu kuja uone maajabu."

"Maajabu gani?"

"Hawa watu wote wameandika mwaka mmoja. 2022. Nimehesabu mara mbili."

Sukuma wiki iliniponyoka. Nikasema, "Labda imetokea tu."

"Vitu thelathini na moja vitokee tu? Miaka mingine ni vitatu, vinne, sita. Hapa kuna sababu." Akaanza kutembea, na chumba chetu ni cha hatua tatu, kwa hiyo anaenda anageuka, anaenda anageuka, uso unang'aa. "Ni korona! Watu walifungiwa nyumbani wakabaki wakitazama kuta. Ukitazama ukuta mwaka mzima unakumbuka ukuta wa kwenu. Walipotulia, 2022, wakaandika. Unaona?"

Mama, nilikuwa na nafasi ya kusema hapo hapo. Mdomo niliufungua. Lakini alikuwa mzuri sana akiwa na furaha ile, nikasema, "Naona."

Akaandika aya moja. Akampelekea msimamizi wake, Dakta Mutunga, ambaye kila mtu chuoni anamwogopa, na Dakta akamwambia kwamba hapo ameona jambo ambalo wengine wamelipita, alipanue. Ile aya ikawa kurasa sita. Kukawa na mchoro wa nguzo, kila mwaka na nguzo yake, na nguzo zote ni fupi kama vigoda isipokuwa moja katikati iliyosimama kama mnara. Ameuchapa kwa rangi na kuubandika ukutani juu ya meza. Mimi hula nikiutazama. Ni mimi peke yangu duniani ninayejua kwamba hiyo si korona, hiyo ni siku ya mvua na mashine iliyokwama.

Tasnifu inawasilishwa tarehe ishirini na nane mwezi huu, na wiki inayofuata atasimama mbele ya jopo kuitetea. Wiki jana alinionyesha ukurasa wa tabaruku, ule wa mbele wa kumtolea mtu heshima. Ameandika: "Kwa mke wangu, mikono iliyopanga kila rejeo lililomo humu." Nililia na yeye akafikiri ni furaha, akanifuta machozi kwa shati lake la samawati.

Nimemwambia mtu mmoja tu, dada yake, Awiti, tunayependana sana. Yeye alicheka hadi akashika ukuta. "Wewe wifi, acha kujipea presha. Nani husoma hizo miaka za huko nyuma? Hata mwalimu anaruka hapo. Nyamaza, ule keki ya kufuzu."

Lakini mimi sipati raha. Nimefikiria nifungue programu wakati hayupo nibadilishe ile miaka kidogo kidogo, lakini sikumbuki ni ipi niliyojaza na ipi ni ya kweli, maana nyingine ni 2022 kweli. Nimefikiria nimwambie baada ya kufuzu, tukiwa na picha ya joho ukutani. Nimefikiria pia ninyamaze mpaka tuzeeke. Nampenda sana, na aliniambia ananiamini kuliko macho yake mwenyewe. Nifanye nini ili kazi yake isiharibike na yeye asinione mtu mwingine? Ni mimi bibi arusi wako, Ndindi, Kaloleni.

MAMA KEZIA ANAJIBU

Ndindi binti yangu, hongera kwa ndoa. Nimesoma barua yako nikacheka mara mbili na mara ya tatu nikaacha kucheka.

Kujaza mwaka hakukuwa uovu. Ulikuwa mkono uliozoea kaunta, na moyo uliokuwa arusini. Ningekusamehe kabla chai haijachemka. Ninachokugombeza ni ile Jumapili. Mtu amekuuliza ana kwa ana kama unaiona sababu, wewe unaijua ile ya kweli, ukamjibu "Naona." Tangu hapo yeye amejenga kurasa sita juu ya neno lako hilo. Usiniambie ulinyamaza kwa kumpenda. Ulinyamaza kwa sababu uso wake ulikuwa unakupendeza.

Tena barua yako yote haijaniuliza kama umwambie. Soma tena. Umeniuliza jinsi ya kurekebisha bila yeye kujua, au jinsi ya kumwambia wakati ambapo haitamfaa kitu. Hebu mfikirie amesimama mbele ya jopo. Mmoja wao anafungua rejeo moja tu, lile la jiko la mama, kwenye simu yake hapo hapo, na ukurasa unasema 2014. Au hausemi kitu. Anauliza, "Bwana Oketch, huu mwaka umeutoa wapi?" Mumeo hatajua. Atasema ni programu. Watafungua la pili. Na ukifanya ule ujanja wa kubadilisha kimya kimya ni vibaya zaidi, kwa sababu orodha itasema hivi na mchoro utasema vile, na ataonekana amepika hesabu yeye. Awiti anakupenda, lakini si yeye atakayesimama pale.

Sasa neno moja kwa mumeo, na umsomee. Bwana, umemwambia mkeo unamwamini kuliko macho yako. Maneno matamu, lakini macho ulipewa uyatumie. Umeandika kurasa sita kuhusu makala thelathini na moja, na kama ungerudi kufungua hata matano kabla ya kuchora ile nguzo, ungeona miaka haifanani. Mke alipanga. Kusoma kulikuwa kwako. Kwa hiyo Ndindi, usiende kwake umejibebesha kosa lote kichwani kama ndoo. Beba lako, la kwake mwachie.

Kuhusu programu, mimi sina ujuzi, ila nilimuuliza Bwana Nzomo, anayetunza maktaba ya gazeti letu, mtu wa miaka thelathini kwenye kazi ya marejeo. Alicheka pia, samahani. Anasema hakuna kilichopotea. Programu hiyo huandika yenyewe siku ambayo kila rejeo liliingizwa, kwa hiyo panga orodha kwa tarehe ya kuingizwa na yale uliyoyaingiza dukani yatakaa pamoja. Mwaka ulioletwa na ukurasa wenyewe mara nyingi huja na siku na mwezi. Wako utakuwa umekaa peke yake, mtupu, tarakimu nne. Anza na hiyo. Lakini usiishie kwenye kukisia: kila rejeo bado lina kiungo chake. Fungueni kiungo kimoja kimoja, mtafute mwaka kwenye ukurasa, juu, chini, pembeni, na mwandike mlichokiona kwa macho. Na ukurasa usiokuwa na mwaka popote, hapo ndipo Bwana Nzomo aliponyanyua kidole: kuna kauli ya heshima kwa jambo hilo, inaandikwa "hakuna tarehe", na hakuna jopo litakalomcheka mtu kwa hilo. Kwenye fomu zako za saiba nafasi tupu ni kosa. Kwenye kazi ya mumeo nafasi tupu iliyosema ukweli ni habari kamili.

Baada ya hapo achore nguzo upya. Huenda ile ndefu ikashuka ikawa kigoda kama wenzake. Huenda ikabaki imezidi kidogo, nani ajuaye, naye akawa na jambo dogo la kweli la kusema. Vyovyote itakavyokuwa, aende kwa Dakta Mutunga mapema, kwa miguu yake, kabla ya tarehe ishirini na nane, amwambie: nilikuta kosa katika marejeo yangu, nimelipitia lote, hii ndiyo picha sahihi. Msimamizi anayeogopwa na kila mtu kwa kawaida huogopewa ukali, na wakali huheshimu mtu aliyejikagua. Kurasa sita zikiondoka, ziondoke sasa zikiwa zimetolewa na yeye.

Namna ya kumwambia? Usimpikie kuku. Usimngoje awe na furaha, wala usianze na mvua na mashine na mapenzi, hayo ataomba mwenyewe baadaye. Mkalishe mbele ya kompyuta kukiwa na mwanga, fungua rejeo moja ulilolijaza, fungua ukurasa wake kando, umwonyeshe, useme: "Huu mwaka niliuandika mimi. Na uliponiuliza, nilinyamaza." Sentensi mbili. Kisha funga mdomo, Ndindi. Atanyamaza, au atatembea hizo hatua zenu tatu, au atatoka kidogo. Mwache. Usimfuate na machozi ili aanze kukubembeleza wewe. Akirudi, uwe umefungua kiungo cha kwanza.

Na ule ukurasa wenye jina lako usiuguse, wala usimwombe aufute au auache. Hilo ni lake. Akiuacha akiwa anajua, utausoma mbele za watu bila kuinamisha kichwa.

Sasa kuna jambo lingine ambalo wasomaji wanapaswa kulijua. Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, lakini mnara wa 2022 sikuweza kuuficha, na mumeo angeshika gazeti hili angejitambua kabla ya kumaliza mstari wa kumi. Mimi sikubali mwanamume apate habari za nyumba yake kwenye gazeti. Kwa hiyo jibu hili nilikutumia kwa simu Jumatatu, nikakwambia wazi kwamba barua haitachapishwa mpaka uniambie umesema, na kama hutasema, itabaki kwenye droo yangu hadi nistaafu.

Alhamisi mchana, ujumbe ukaingia:

"Mama Kezia, nimemwambia. Akabandua mchoro ukutani, akavuta kiti cha pili. Tuko kiungo cha kumi na nne."